MATEGE YA WATOTO: JUA LIPO, MTOTO YU WAPI?

Mkulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wewe wajua kwamba mche uliopandwa chini ya mwembe huwa mwembamba, tena hupinda ukitafuta mwanga. Mtoto naye akikosa jua, mifupa yake hulegea, na miguu hupinda. Maradhi hayo ndiyo matege.

Pengine utauliza, "Pwani yote ni jua, matege yatoka wapi?" Jua lipo, lakini mtoto yumo ndani. Mama akienda kibaruani, mtoto hushinda chumbani. Akitolewa, amefunikwa leso gubigubi. Jua halina budi kuigusa ngozi, ndipo mwili ufanye vitamini D, ambayo huusaidia kupata kalsiamu ya kukaza mifupa. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa yenye mwanga kama wa jua, na mifupa yao ikapona.

Mchunguze mtoto wako hivi. Mvue nguo, umlaze mkekani. Je, vifundo vya mikono na miguu vimevimba? Mbavu zina vinundu mfano wa shanga? Utosi umechelewa kufunga, au meno kuota? Amepita mwaka mmoja na nusu hatembei? Miguu ya mtoto mchanga kupinda kidogo ni kawaida. Lakini ikizidi, au isiponyooka baada ya miaka 2, au mmoja ukipinda kuliko mwenziwe, mpeleke zahanati, au hospitali ya Likoni au Port Reitz. Usimfunge vijiti. Akishikwa na degedege, mpeleke saa ile ile.

Kinga ni nyepesi:

1. Mtoe nje kila siku, mikono na miguu wazi, jua likishapanda lakini halijawa kali. Jua la kupitia kioo halifai.

2. Mnyonyeshe. Lakini maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Muulize muuguzi habari za matone yake, wala usizidishe kipimo.

3. Akitimiza miezi 6, mwanzishie chakula pamoja na kunyonya: kiini cha yai, na dagaa waliopondwa na mifupa yao. Majani ya mlonge pia yana kalsiamu. Uji wa mahindi mtupu hautoshi.

Usiuze mayai yote sokoni ukamnyima mwanao. Msichana aliyeugua matege nyonga zake huweza kuwa nyembamba, akapata taabu siku ya kujifungua. Samaki mkunje angali mbichi: mvue mwanao leo, umtazame.