Mkono Unaanzia Wapi? Lugha na sanaa katika utengamao wa mwili

Mjomba wangu wa Lokandu alipopata kiharusi na kupooza upande wa kuume, tulimpandisha kwa mtumbwi hadi Kindu. Mtaalamu wa viungo alimpima, akaeleza mazoezi kwa Kifaransa, nami nikatafsiri. Aliposema "la main", nilisema "mkono". Mjomba akarudi nyumbani, na kwa mwezi mzima akawa anauzungusha mkono kutoka begani, asubuhi na jioni. Vidole, ambavyo ndivyo vilivyokusudiwa, vilibaki vimekunjamana. Kosa lilikuwa langu, mwanafunzi wa isimu.

Utengamao ni kazi ya kuurudishia mwili uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali. Neno lenyewe linatokana na kitenzi "tengamaa", yaani kuwa shwari, kukaa sawa. Wengi huiona kazi hii kuwa ya misuli na mifupa tu. Lakini mazoezi hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani, kwa kufuata maneno aliyoambiwa. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vinavyofundisha tiba ya viungo vimeanza kutumia fasihi, muziki, maigizo na isimu katika mafunzo yao. Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alieneza kuanzia mwaka 2000 hivi fani aliyoiita tiba ya masimulizi. Humo mwanafunzi wa tiba hufundishwa kusikiliza kisa cha mgonjwa kama msomaji makini asomavyo hadithi: nani anasimulia, anaanzia wapi, ananyamazia nini.

Tuanze na maneno. Kifaransa hutenga "bras" na "main", "jambe" na "pied". Kiswahili husema mkono tangu begani hadi ncha za vidole, na mguu tangu nyonga hadi unyayo. "Kidole" nacho ni cha mkono na cha mguu. Si kwamba lugha yetu ni maskini: tuna kiganja, kiwiko, paja, goti, muundi, kifundo na kisigino. Ila katika mazungumzo ya kawaida neno pana hutosha, na mgonjwa hana sababu ya kushuku kwamba halitoshi. Kwa mtu aliyekatwa mguu tofauti hiyo ni kubwa. Aliyebaki na goti lake hutembea na mguu bandia kwa nguvu ndogo kuliko aliyekatwa juu ya goti, na miguu bandia yao haifanani. "Amekatwa mguu" haituambii lolote kati ya hayo.

Halafu kuna jina analopewa mtu mwenyewe. "Kilema" ni neno la ajabu kidogo: ni ile kasoro ya mwili, na pia ni mtu aliye nayo. Wengine husema tatizo ni ngeli ya ki-/vi-, ngeli ya vitu. Hoja hiyo haisimami peke yake, kwani kijana na kiongozi wamo humohumo, na wote, kilema pamoja nao, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kilema amefika. Uzito uko katika maana: mtu ameitwa kwa kasoro yake. "Mtu mwenye ulemavu" humtaja mtu kwanza. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu nayo imefuata njia hiyo.

Sanaa nayo hubeba hukumu. Hapa Maniema, Walega wa chama cha Bwami walifundishana maadili kwa sanamu ndogo za pembe na mti, kila moja ikiwa na methali zake. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1973, ametaja sanamu ya mtu mwenye mkono mmoja, Kuboko Kumozi, inayohusishwa na onyo dhidi ya ugomvi. Kama mafunzo ya methali, ni hodari. Lakini mgonjwa aliyekulia katika mafunzo hayo anaweza kujiuliza kimoyomoyo mkono wake umepotea kwa kosa gani. Mtaalamu asiyejua sanaa hiyo hatausikia ukimya wake.

Sanaa hiyohiyo huweza kuinua. Miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba waliopata kiharusi hutembea vizuri zaidi wakipiga hatua kwa kufuata mdundo: sikio huupa mwili taarifa ya lini hatua inayofuata itakuja. Wapiga makafi wa Lualaba hawatashangaa. Mmoja huanza wimbo, wenzake huitikia, na makafi huingia majini pamoja. Mgonjwa wa Lokandu ana midundo hiyo tayari kichwani. Hahitaji kununuliwa mashine.

Kitivo chetu kinaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kuandaa orodha ya maneno ya mwili kwa Kiswahili cha Maniema na lugha jirani, ikionyesha kila neno linaanzia na kuishia wapi. Pili, kuigiza mazungumzo ya mtaalamu, mgonjwa na mkalimani pamoja na wanafunzi wa afya. Tatu, kurekodi visa vya wagonjwa wanaoridhia, kwa maneno yao.

Lililo rahisi kuliko yote halihitaji mradi: baada ya kutafsiri, mwombe mgonjwa afanye zoezi mbele yako. Niliporudi Lokandu nilimshika mjomba kiganja, nikamwambia, "Hapa, mjomba. Fungua hapa." Aliniangalia, akauliza, "Mbona hamkusema?"