Unga wa Protini na Chuma cha Mkimbiaji

Kopo la unga wa protini linalopangwa kwenye rafu za jim lina asili ya kawaida kabisa: kiwanda cha jibini. Maziwa yakigandishwa, mabonge huwa jibini, na maji ya kimanjano yanayobaki huchujwa na kukaushwa. Zamani maji hayo yalimwagwa, au walipewa nguruwe.

Unga huo humeng'enywa upesi na una leusini nyingi, asidi amino inayochochea ujenzi wa misuli. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini misuli huhitaji oksijeni, oksijeni hubebwa na himoglobini, na himoglobini haitengenezeki bila chuma.

Na chuma ni kidogo mno: mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu mwilini. Mkimbiaji hukipoteza kwa jasho, tumboni, na kwenye chembe nyekundu za damu zinazopasuka nyayo zikigonga ardhi. Mwanamke huongezewa hedhi. Juu ya hayo, mazoezi makali hulifanya ini litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufikia kilele saa 3 hadi 6 baadaye na kuuzuia utumbo usipokee chuma. Kwa hiyo anayefanya mazoezi alfajiri, kisha mchana akanywa kidonge cha chuma pamoja na unga uliokorogwa kwa maziwa, amejizibia njia mara mbili, maana kalsiamu ya maziwa nayo huzuia chuma. Heri akinywe asubuhi mapema, kwa maji ya machungwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza mlo wa wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya. Walikula ugali, mboga, maharage na maziwa, wakapata gramu 1.3 za protini kwa kila kilo ya uzito, wakati mtu wa kawaida hushauriwa 0.8. Kopo la nini hapo? Chai ya maziwa ndiyo ya kuangaliwa, kwani walikunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Chai ikinywewa pamoja na chakula hunasa chuma cha mboga na maharage. Ikisubiri saa moja baada ya mlo, hasara hupungua.

Uchovu usioisha unadai kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, kwa sababu himoglobini inaweza kuonekana sawa huku akiba imekauka. Vidonge vifuate kipimo, visikitangulie: mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, na ziada hiyo hulidhuru ini.