Fahamu: Shaba ya Kongo na reli ya Kigoma

Menya waya wa umeme wa nyumba yoyote Buzebazeba, hapa Kigoma, utakuta ndani rangi nyekundu inayong'aa. Ni shaba. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo huchimba shaba nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Magari ya umeme na mitambo ya jua yanaihitaji mno, ndiyo maana njia za kuisafirisha zinagombewa. Marekani na Ulaya zinaunga mkono reli ya Lobito, Angola. China imeingia kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Desemba 2022 Tanzania ilisaini mkataba wa reli ya kisasa Tabora–Kigoma, kilomita 506.

Kwa Kigoma, kupitisha mizigo ya Kongo si hadithi ngeni. Reli ilifika Kigoma 1914. Mwaka 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji maeneo ya bandari hapa na Dar es Salaam kwa mizigo ya Kongo.

Lakini reli huishia ufukweni. Bila meli za mizigo za uhakika, shaba itapita kwingine. Serikali ianzie bandarini.