Breki ya Mkono ya Mafuta Katika Motokaa ya Mkulima

Huku Gachoka, katika Mbeere Kusini, nchi yateremka kuelekea Mto Tana, na pikapu ya mkulima haikosi kusimamishwa mahali penye mteremko: mlangoni pa ghala, kando ya shamba la muguka, au sokoni ikiwa imejaa magunia ya ndengu. Ikiondoka yenyewe, huenda watoto wako nyuma yake.

Siku hizi vijana wengine hupenda kufunga breki ya mkono inayotumia mafuta badala ya waya. Wameiona katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Dereva wa mashindano huivuta ili magurudumu ya nyuma yafunge na gari ligeuke upesi kwenye kona. Hiyo ndiyo kazi yake. Kulinda gari lililosimama si kazi yake. Ukiteremka na mzigo, breki hupata moto pamoja na mafuta yake. Ukisimama, mafuta hupoa na kunywea, na nguvu iliyoshika magurudumu hulegea. Mpira mmoja ukivuja kidogo, mambo ni yale yale. Basi ukiifunga hiyo mpya, ule waya usiutoe.

Silinda yake ndogo hufungwa katika paipu iendayo magurudumu ya nyuma, mafuta ya silinda kuu yapite kwake kwanza. Lakini motokaa nyingi ndogo zina paipu zilizopishana, gurudumu la mbele la kulia pamoja na la nyuma la kushoto. Hizo haziifai.

Kazi yenyewe hasa ni kutoa hewa. Mafuta hayabanwi, hewa hubanwa. Ndiyo sababu pedali yenye hewa huwa laini. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, utafute msaidizi. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu la nyuma lililo mbali na silinda kuu. Vika nipeli mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Mwenzako akanyage, wewe ufungue nipeli, kisha uifunge kabla hajainua mguu. Endelea hadi mapovu yaishe. Halafu fanya vivyo hivyo kwa kuvuta mkono badala ya kukanyaga, kwa maana hewa hupenda kujificha katika ile silinda ndogo. Tundu la kutokea mafuta liwe juu. Kopo la mafuta likikauka katikati ya kazi, umerudi mwanzo.

Tumia mafuta ya breki ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Chupa iliyokaa wazi tangu mvua zilizopita imwage, kwani mafuta hayo hunywa unyevu, kisha huchemka upesi.

Jaribu kwanza mahali tambarare, bila mzigo. Na hata sokoni, vuta waya, tia gia, na lile jiwe la tanboi lisiachwe nyumbani.