Jipime: Maswali 10 ya kompyuta na lugha ya mtandaoni yanayoweza kukuokolea hela

Binamu yangu alianza chuo mwaka jana. Mama yake akakopa kwenye kikoba ili kijana apate laptopu ya kusomea. Akaenda dukani, muuzaji akamwambia, "Hii ni GB 500 mdogo wangu, inakimbia balaa." Akalipa, akaondoka anatabasamu.

Siku ya tatu akanipigia simu. Mashine inachelewa kuwaka, na akifungua kazi ya chuo pamoja na kivinjari inaganda. Nilipoiangalia, ile GB 500 ilikuwepo kweli. Kitu ambacho muuzaji hakukisema ni kwamba RAM ilikuwa GB 2 tu.

Nikamuuliza, kwa nini hukuulizia RAM? Akanijibu: "Niliogopa kuonekana mshamba."

Ndiyo maana nimeandaa jaribio hili. Kuna maswali matano ya vifaa na matano ya misemo ya mtandaoni. Jibu liko chini ya kila swali, kwa hiyo usiibie. Kila ukipata, jipe alama moja.

SEHEMU YA KWANZA: VIFAA

Swali la 1: Muuzaji akisema "hii ina GB 500", mara nyingi anazungumzia nini?

A. Kasi ya kompyuta
B. Nafasi ya kuhifadhi vitu
C. Ubora wa kioo

Jibu ni B. Hiyo ni nafasi ya kuweka picha, nyimbo, filamu na mafaili yako. Ichukulie kama kabati la nguo. Kabati kubwa ni zuri, lakini halikufanyi uvae haraka.

Ujue tu tumetoka mbali. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kuhifadhi data yenye sahani 50 zinazozunguka. Ilikuwa na uzito wa karibu tani moja na ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yako inaweza kuijaza.

Swali la 2: Kompyuta inaganda ukifungua vitu vingi kwa pamoja. Cha kwanza kukishuku ni nini?

A. RAM ndogo
B. Chaja mbovu
C. Kibodi

Jibu ni A. Kama hifadhi ni kabati, RAM ni meza unayofanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kitu kipya lazima utoe kingine. RAM pia husahau kila kitu umeme ukikatika, ndiyo maana kazi ambayo hukuisevu inapotea.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda sehemu iliyoandikwa Performance, kisha Memory. Utaona RAM yote iliyopo. Fanya hivyo hapo hapo dukani, kabla hujatoa hela.

Na wewe wa simu, jihadhari na tangazo la "RAM GB 4 + 4". Nne ya kwanza ndiyo RAM halisi. Nne ya pili simu inaiazima kutoka kwenye hifadhi, na hifadhi ni ya polepole zaidi. Inasaidia kidogo, ila simu hiyo usiilipie bei ya GB 8.

Swali la 3: Laptopu mbili zote zimebandikwa stika ya "Core i5". Je, zina nguvu sawa?

A. Ndiyo, i5 ni i5
B. Hapana, inategemea kizazi

Jibu ni B, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Core i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel, na prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Familia hiyo ina vizazi vingi.

Angalia namba inayofuata baada ya i5. Mfano i5-3320M ni kizazi cha 3, ilitoka mwaka 2012. i5-8250U ni kizazi cha 8, ilitoka 2017. Jina la stika ni moja, umri tofauti kabisa.

Kwa nini ujali? Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inayofuata, kwa upande wa prosesa za Intel, rasmi inakubali kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Ukinunua kizazi cha 3 leo, unanunua mashine ambayo Microsoft yenyewe haiitambui kwenye Windows 11.

Swali la 4: Unauziwa flashi ya TB 2 kwa bei ya chai na chapati mbili. Ukiichomeka, kompyuta inaonyesha kweli TB 2. Je, ni salama?

A. Ndiyo, kompyuta haidanganyi
B. Hapana, inaweza kuwa feki

Jibu ni B. Kuna flashi na memori kadi zilizochezewa ndani ili zijitangaze kuwa kubwa. Flashi ya GB 16 inaiambia kompyuta "mimi ni TB 2", na kompyuta inaamini.

Mwanzoni utaona mambo yanaenda vizuri. Ukishavuka nafasi halisi, mafaili mapya yanapotea au yanafuta ya zamani. Jina la faili unaliona, ukilifungua hakuna kitu. Fikiria hizo zilikuwa picha za harusi, au ripoti yako ya chuo.

Dawa yake ni kuijaza kwanza kwa mafaili usiyoyahitaji, kisha uyafungue uone kama yote yapo. Kuna programu za bure za kazi hiyo, kama H2testw na F3.

Swali la 5: Mtandao wa nyumbani una kasi ya Mbps 8. Filamu ya MB 800 itashuka kwa muda gani?

A. Sekunde 100
B. Kama dakika 13

Jibu ni B. Herufi b ndogo kwenye Mbps ni biti, B kubwa kwenye MB ni baiti. Baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo Mbps 8 ni sawa na MB 1 kwa sekunde. Filamu ya MB 800 inahitaji sekunde 800, yaani zaidi kidogo ya dakika 13, tena kama mtandao hauyumbi.

Kumbuka hivi: kasi inatangazwa kwa biti, bando linauzwa kwa baiti. Ukiona tangazo la kasi, gawanya kwa 8 ndipo ushangilie.

SEHEMU YA PILI: MISEMO YA MTANDAONI

Swali la 6: LOL maana yake nini?

A. Nakupenda sana
B. Nacheka kwa sauti
C. Pole sana

Jibu ni B. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kucheka kwa sauti. Kama umekosa, usijisikie vibaya. Mwaka 2012, kwenye uchunguzi wa umma kuhusu vyombo vya habari Uingereza, Rebekah Brooks, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti, alieleza kwamba David Cameron alikuwa akimalizia meseji zake kwa LOL akidhani inamaanisha upendo mwingi. Wakati huo Cameron ndiye alikuwa waziri mkuu.

Kwake yeye iliishia kuwa kichekesho. Wewe ukiiandika chini ya posti ya msiba, ukoo mzima utakukumbuka nayo.

Swali la 7: Mfanyabiashara ameandika "bei njoo DM". Anataka ufanye nini?

A. Uende dukani kwake
B. Umwandikie ujumbe wa faragha
C. Umpigie simu

Jibu ni B. DM ni ujumbe wa faragha, wengine wanaita inbox. Wafanyabiashara wengi waaminifu wanafanya hivyo, siyo kosa.

Lakini elewa kinachobadilika. Kwenye maoni ya wazi, mteja aliyetapeliwa anaweza kukuonya. Huko DM mko wawili tu. Kabla ya kutuma hela, rudi kwenye maoni uangalie. Kama sehemu ya maoni imefungwa, jiulize kwa nini. Na kama mzigo unaweza kulipiwa ukifika, lipa ukifika.

Swali la 8: Rafiki anakuandikia WhatsApp: "Samahani, nimetuma namba sita kwenye simu yako kimakosa, nirudishie." Utafanya nini?

A. Utamtumia, ni rafiki
B. Hutamtumia hata kidogo

Jibu ni B. Namba hizo zinaitwa OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja. Ni ufunguo wa akaunti yako. Anayekuandikia huenda siyo rafiki yako, bali mtu aliyeshateka akaunti ya rafiki yako na sasa anaitaka na ya kwako.

Ukimpa, anaingia kama wewe. Dakika chache baadaye shangazi zako wanaanza kupokea meseji za kuomba mkopo kwa jina lako.

Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda kwenye akaunti, uweke uthibitisho wa hatua mbili. Utachagua namba zako mwenyewe za siri. Hata mwizi akipata OTP, atakwama hapo.

Swali la 9: Ujumbe wa matangazo usiouomba, unaotumwa kwa watu kibao, unaitwaje?

A. Spam
B. Emoji
C. Meme

Jibu ni A. Wa kwanza unaokumbukwa ulitumwa Mei 1978 huko Marekani. Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia watu karibu 400 kwa mpigo akitangaza mashine zao. Wengi walikasirika, ila tabia haikufa.

Spam inachosha, lakini ina ndugu yake hatari zaidi: ujumbe unaojifanya umetoka kwa mtu au taasisi unayoiamini ili uibiwe. Kwa Kiingereza wizi huu una jina linalotamkwa kama kuvua samaki, kwa sababu ni ndoano na chambo. Toleo letu unalijua: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Ujumbe huo haumjui mtu yeyote. Unatupwa kwa maelfu, ukisubiri yule mmoja ambaye leo kweli alikuwa anadaiwa. Kwa Tanzania, unaweza kuripoti kwa kuutuma kwenda namba 15040. Pia piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika.

Swali la 10: Kompyuta yako ni nzito. Kwenye kundi mtu anakushauri: "Futa folda ya System32, itakuwa nyepesi." Kisha wengine wanakuita noob. Nini kinaendelea?

A. Ni ushauri mzuri
B. Unachezewa

Jibu ni B. System32 ndiyo folda inayobeba mafaili yanayoendesha Windows. Ukifanikiwa kuifuta, mashine haitawaka. Ni mzaha wa zamani sana wa kuwakomoa wageni. Mwenzake mpole zaidi ni ule wa kuambiwa ubonyeze Alt na F4 ili upate kitu cha bure. Ukibonyeza, dirisha ulilokuwa nalo linafungwa.

Noob ni mtu mgeni kwenye jambo. Kwa Kiswahili chetu, mshamba wa mtandaoni. Anayefanya uchokozi wa makusudi ili watu wakasirike anaitwa troll. Dawa ya troll ni kutomjibu.

UMEPATA NGAPI?

0 hadi 4: Usinunue kitu peke yako kwa sasa. Nenda na mtu anayejua, na ulizia RAM, aina ya hifadhi na kizazi cha prosesa.

5 hadi 7: Uko vizuri, ila bado kuna mahali unaweza kupigwa. Rudia yale uliyokosa.

8 hadi 10: Wewe ndiye mtu wa kwenda na wenzako dukani. Wakikuuliza swali dogo, usiwacheke.

Narudi kwa binamu yangu. Fundi alimwongezea RAM na kumtolea hadi diski ya kuzunguka, akamwekea SSD, hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka na yenye kasi kubwa zaidi. Sasa mashine inafanya kazi. Ila hela ya fundi ilitoka kwenye kikoba kile kile, na mama yake bado anarejesha.

Swali moja pale dukani lingemfanya aonekane mgeni kwa dakika moja. Alinyamaza, na deni litaisha mwezi wa nane.