Maji Yanapogeuza Mkondo: Utumbo Mwembamba katika Ugonjwa wa Seliaki

Kila siku utumbo mwembamba wa mtu mzima mwenye afya hupokea takribani lita 8 hadi 9 za majimaji. Kati ya hizo, lita 2 hivi ndizo alizokunywa. Zilizobaki ni mate, majimaji ya tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho na yale yanayotolewa na utumbo wenyewe. Hata hivyo, maji yanayotoka pamoja na kinyesi kwa kawaida hayazidi mililita 200. Yaliyosalia yote hurudishwa mwilini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na utumbo mwembamba. Kasoro ndogo katika urudishaji huo hutosha kumfanya mtu aharishe.

Ukuta wa ndani wa utumbo huu umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za zulia. Katikati ya vinyweleo mna vishimo. Seli zilizo juu ya vinyweleo hunyonya: huvuta sodiamu pamoja na glukosi na asidi za amino, na maji hufuata. Ndiyo kanuni ile ile inayofanya maji ya chumvi na sukari yamsaidie mtoto anayeharisha. Seli za vishimo, kinyume chake, husukuma kloraidi nje, na maji hufuata huko. Kwa mtu mwenye afya, unyonyaji huushinda utoaji.

Katika ugonjwa wa seliaki, kinga ya mwili huishambulia gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, na katika mapambano hayo huuharibu utumbo wenyewe. Vinyweleo hufupika, hata kutoweka kabisa, ilhali vishimo hurefuka kwa kuwa seli mpya huzalishwa kwa kasi ili kuziba pengo. Matokeo yake ni kwamba upande wa kunyonya umepungua na upande wa kutoa umeongezeka. Katika miaka ya 1960 watafiti waliingiza mipira myembamba katika utumbo wa wagonjwa, wakapitisha majimaji yenye vipimo maalumu na kupima yaliyobaki. Ilidhihirika kwamba sehemu ya juu ya utumbo, badala ya kunyonya maji na sodiamu, ilikuwa ikiyatoa. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba mgonjwa huharisha kwa sababu tu chakula hakikusagwa.

Ingawa hivyo, chakula nacho kina sehemu yake. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hukaa juu ya vinyweleo. Vikiharibika, sukari hiyo hubaki ndani ya utumbo na kuyashikilia maji. Mafuta yasiyonyonywa hushuka hadi utumbo mpana na kuuchochea utoe maji zaidi. Tena ukuta ulioharibika hutoa kwa uchache homoni zinazoliamuru kongosho na mfuko wa nyongo, hivyo nyongo huchelewa kumiminika na mafuta huzidi kukosa kusagwa.

Mbona basi wapo wagonjwa wasioharisha, na hata wanaofunga choo? Uharibifu kwa kawaida huwa mkubwa zaidi sehemu ya juu, na sehemu za chini, pamoja na utumbo mpana, huweza kufidia. Aidha, kwa baadhi yao mwendo wa chakula hupungua kasi. Daktari anayesubiri kuhara ndipo aufikirie ugonjwa huu atawakosa wengi, hasa wale ambao dalili yao pekee ni upungufu wa damu usioisha.

Gluteni ikiondolewa, kuhara mara nyingi hupungua katika wiki chache, ilhali vinyweleo huhitaji miezi mingi, na kwa watu wazima pengine miaka, kurudi katika hali yake. Lakini mgonjwa asiache mkate, chapati na maandazi kabla ya kupimwa: akiacha, kingamwili hushuka katika damu na kipimo huweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa. Nayo picha ya vinyweleo vilivyofupika haitoshi peke yake, kwa sababu giardia na maambukizi mengine ya utumbo, ambayo si haba katika mazingira yetu, huweza kuleta sura inayofanana nayo.

Ugali wa mahindi, wali, muhogo, mtama na wimbi havina gluteni. Muhimu ni kuuliza kama mashine iliyosaga unga huo husaga ngano pia.