Mchezaji Akitoweka, Nani Ameshinda?

Wadogo zangu wa Goma, leo nawaletea habari za mashindano ya michezo ya video yanayochezwa kwa intaneti, na naanza na kesi ngumu kuliko zote.

Tuseme kijana wa Ndosho na kijana wa Himbi wanacheza mpira, kila mmoja kwao, simu mkononi. Wa Ndosho anaongoza kwa bao moja. Dakika ya 80, wa Himbi anatoweka. Je, mtandao umemkatikia, au amezima mwenyewe kwa kuogopa kufungwa? Kwa yule aliyebaki, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Kwenye uwanja wa Unité, hapa Goma, fumbo hilo halipo. Daring Club Virunga wakikutana na Dauphin Noir, mtu akiushika mpira kwa mkono, uwanja mzima unapiga kelele kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Kwenye intaneti hakuna macho hayo. Ndiyo sababu mashindano ya mtandaoni yanataka sheria zilizoandikwa vizuri zaidi: sheria inafanya kazi ya macho yasiyokuwepo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Agosti 2020. Korona ilikuwa imewafungia watu majumbani, na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, likaandaa Olimpiadi kwa intaneti. Katika robo fainali, Armenia walikutana na India. Mtandao ukamkatikia Haik Martirosyan wa Armenia katikati ya mchezo. Katika sataranji kila mchezaji ana saa yake, na ikiisha ameshindwa. Saa ya Martirosyan ikaisha akiwa hayupo. Armenia wakakata rufaa, rufaa ikakataliwa, nao kwa uchungu wakagoma kuendelea.

Tarehe 30 Agosti, India hao hao wakafika fainali dhidi ya Urusi. Ghafla intaneti ikaharibika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Nihal Sarin na Divya Deshmukh wa India wakapotea mchezoni, na saa zao zikaisha. Safari hii India ndio waliokata rufaa. Rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua dhahabu iende kwa nchi zote mbili.

Mashindano ni yale yale, tatizo ni lile lile, majibu mawili. Msikimbilie kusema ni upendeleo. Hitilafu ya siku ya fainali ilikuwa na mashahidi dunia nzima. Mtandao unaomkatikia mtu mmoja peke yake hauna shahidi, na hapo ndipo mwaminifu na mwongo wanapochanganyika.

Leteni kesi hiyo hapa kwetu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala intaneti. Hata katika siku tulivu, kuna nyumba zenye umeme wa uhakika na nyumba ambazo mtoto anahesabu asilimia za betri na mega za intaneti zilizobaki. Mwandaaji akiandika tu kwamba anayekatika ameshindwa, ameandika bila kujua kwamba maskini ameshindwa. Akiandika kwamba kila anayekatika anarudia mchezo upya, amemfungulia mlango kila anayefungwa: azime simu, aanze sifuri kwa sifuri. Sheria ya haki lazima imzuie mwongo bila kumwadhibu mwenye betri dhaifu.

Inawezekana. Mimi ningeiandika hivi. Mtu akikatika, mabao yanabaki kama yalivyo. Anapewa dakika 10 za kurudi, na wanacheza zile dakika zilizobaki tu. Akishindwa kurudi, anamjulisha mwamuzi kwa njia yoyote, hata kwa simu ya jirani, na mchezo unamaliziwa kesho. Akikatika mara ya pili, wanakutanishwa mahali pamoja penye umeme, mwamuzi akiwa ameketi kati yao. Oneni jinsi mwongo anavyokosa faida: akizima, bao alilofungwa bado linamsubiri. Mwaminifu naye hapotezi kitu.

Kuna haki nyingine isiyoonekana, nayo ni umbali. Mchezo wenu unaendeshwa na kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo mara nyingi iko nchi nyingine. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Goma hadi Johannesburg ni kilomita 2,700 hivi kwa mstari ulionyooka. Hadi Paris ni zaidi ya 6,000. Kwa hiyo amri ya kidole chako kwenda Paris na kurudi haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 60, yaani sehemu 60 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Michezo mingi huonyesha picha 60 kila sekunde, kwa hiyo wewe unaona picha tatu au nne zimekwisha kupita. Anayeishi jirani na seva amekutangulia bila kukuzidi ufundi. Timu ya Goma ikicheza na timu ya mbali, waandaaji wachague seva iliyo katikati, au wacheze mara mbili, kila timu ikipata zamu ya seva iliyo karibu nayo, kama mpira wa nyumbani na ugenini.

Basi, je, wadanganyifu wa kweli wapo? Wapo, hata miongoni mwa wakubwa. Tarehe 23 Mei 2020, madereva wa Formula E, yaani mbio za magari ya umeme, walishindana kwa kompyuta kusaidia UNICEF. Mjerumani Daniel Abt alitangazwa wa tatu. Mwenzake Stoffel Vandoorne alishuku tangu mbio zikiendelea kwamba aliyeshika usukani si Abt. Waandaaji wakachunguza: kweli, aliyeendesha ni kijana bingwa wa mbio za kompyuta. Abt akafutiwa matokeo, akaamriwa kutoa euro 10,000 kwa kazi za hisani, na timu yake, Audi, ikamsimamisha. Aliomba radhi, akakiri kwamba hakulipa jambo hilo uzito uliostahili. Wadogo zangu, kaka yako akishika simu yako kwenye nusu fainali, amefanya vilevile. Dawa ni nyepesi: kamera iwashwe, uso uonekane, na jina lililoandikishwa liwe la anayecheza.

Kwa hiyo kabla hamjatoa pesa ya kujiandikisha, ombeni sheria kwa maandishi, na ulizeni maswali manne. Mtu akikatika, inakuwaje? Seva iko wapi? Mnajuaje anayecheza ni nani? Nisiporidhika, nani atasikiliza rufaa yangu, naye hana ndugu katika mashindano? Mwandaaji asiyeweza kujibu hajawa tayari, hata zawadi yake iwe kubwa namna gani. Na ninyi mkiandaa mashindano yenu wenyewe, yajibuni maswali hayo pamoja na wachezaji wote kabla ya mchezo wa kwanza, maana wakati huo hakuna anayejua ni nani atakayekatikiwa, na kila mtu atataka sheria ambayo yeye mwenyewe angeweza kuivumilia.